Kabla ya Kuingia Majini: Jibu kwa Binti wa Rungwe Aliyepangiwa Tarehe ya Ubatizo

Msomaji ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 28, nimezaliwa Rungwe, nimebatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Moravian. Nilipokuwa Dar es Salaam nilifundishwa na vijana wawili wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni. Nimependa mafundisho yao na wamenipangia tarehe ya kubatizwa. Sasa nimerudi Tukuyu kumsaidia mama katika shamba la chai. Ninaishi na baba wa mtoto wangu mwaka wa nne sasa, ila hatujafunga ndoa. Majirani wananiambia hao ni Frimasoni. Naomba unieleze ninapaswa kujua nini kabla sijakubali. Na jambo moja dogo: siku mama akiitwa na Mungu, nitaruhusiwa kumzika Kimoravian?"

Marahaba, binti yangu. Nimefundisha historia ya makanisa hapa Iringa kwa miaka mingi, na barua za namna yako zimenifikia zaidi ya mara moja. Niseme mapema kwamba mimi si muumini wa kanisa hilo wala si mpinzani wake. Kama Joseph Smith, mwanzilishi wake, alikuwa nabii au hakuwa, hilo ni kati yako na Mungu wako, na sitajifanya kukuamulia. Ninachoweza kukufanyia ni kukuonyesha kitu ambacho mtu aliyefundishwa kwa wiki chache huwa hajakiona chote, yaani yale utakayokuwa umeyakubali siku utakapoingia majini. Masomo ya kabla ya ubatizo ni machache, na sehemu kubwa ya wajibu, pamoja na sehemu ngumu ya historia, huja baadaye, mtu akiwa tayari ameshaandikwa.

Nianze na nyumba yako, kwa kuwa hapo ndipo utakaposimamishwa kwanza. Kabla ya kubatizwa utakaa na mmisionari mwingine, si wale waliokufundisha, naye atakuhoji faraghani. Atakuuliza kama unamwamini Mungu na Yesu Kristo, kama unaamini kwamba injili ilirejeshwa kupitia Joseph Smith, kama umetubu, kama uliwahi kutenda kosa zito la jinai au kutoa mimba, na kama uko tayari kuishi amri kadhaa. Mojawapo ya amri hizo ni sheria ya usafi wa kimwili, ambayo kwao inamaanisha kwamba hakuna tendo la ndoa nje ya ndoa halali ya mume na mke. Wewe unamwita mwenzako mume, mama yako anamwita mkwe, na huenda kijiji kizima kinawaona hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaruhusu mahakama kuwadhania watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakatambulika hivyo kwa jamii, kuwa ni mke na mume. Lakini dhana hiyo ya kimahakama haigeuki kuwa ndoa iliyofungwa. Kwa kanisa hilo, mtu aliye katika hali yako hutakiwa kufunga ndoa au kutengana na mwenzake kabla ya ubatizo.

Kwa hiyo tarehe uliyopangiwa haina uzito wowote mpaka jambo hili liishe, na ninashangaa kidogo kama hukuambiwa hivyo siku ya kwanza. Mkikubaliana, njia nyepesi ni ndoa ya bomani. Mnapeleka taarifa ya kusudio kwa msajili, tangazo linakaa siku 21, na kama hakuna pingamizi mnafungishwa na kupewa cheti. Kama wazee wa pande mbili walishakaa na mahari ikapokelewa, sheria yetu inaitambua pia ndoa ya kimila. Katika hali hiyo muulize kiongozi wa tawi, mapema na kwa maandishi, ni hati gani watakayoikubali. Ukishakuwa mke halali, utaratibu wao unataka pia ridhaa ya mumeo kabla hujabatizwa. Usiichukulie ridhaa hiyo kama sahihi ya kupitisha tu. Mwanamume anayebaki nje ya imani ambayo itabadilisha kinachopikwa, kinachonywewa na kinachotolewa katika mshahara ana haki ya kuyasikia yote haya kabla hayajaingia sebuleni kwake.

Kuhusu wake wengi watu wetu hupotoshwa kwa pande zote mbili. Ni kweli kwamba viongozi wa mwanzo wa kanisa hilo walioa wake wengi. Mwaka 1890 rais wake, Wilford Woodruff, alitoa tamko la kusimamisha jambo hilo, na leo muumini anayeoa mke wa pili hupoteza uanachama. Makundi yanayoendelea na desturi hiyo kule Marekani yalikwishajitenga nalo. Mzee wa kwetu mwenye wake wawili hawezi kubatizwa akiendelea nao.

Sasa tuje kwenye chai, na hapa, binti yangu, nitakaa kidogo. Wewe umekulia kwenye majani mawili na chipukizi, kapu mgongoni na umande ukikulowesha hadi magotini, na ada ya shule yako yawezekana ilitoka katika kilo zilizopimwa kwenye kituo cha kununulia majani. Mwaka 1833 Joseph Smith alitangaza maelekezo ya afya ambayo waumini huyaita Neno la Hekima. Yanakataza pombe, tumbaku na kile kilichoitwa vinywaji vya moto, ambacho viongozi wake wamekifafanua kuwa ni chai na kahawa. Baadaye yaliongezwa madawa ya kulevya na matumizi mabaya ya dawa za hospitali. Chai inayokatazwa ni hii inayotokana na mmea wa chai, iwe nyeusi au ya kijani, iwe ya moto au imewekewa barafu. Mchaichai, tangawizi, mdalasini na majani mengine ya bustanini hayamo. Ukiitazama ramani ya nyanda zetu utaona jinsi amri hii ilivyotulenga, ingawa bila kukusudia, maana tuna chai Rungwe, Mufindi na Njombe, kahawa Mbozi, tumbaku Chunya, pombe za komoni na kimpumu kwenu, na ulanzi huku kwetu.

Watu huniuliza kuhusu ulanzi kwa ujanja fulani. Wanasema ulanzi mtogwa, uliogemwa asubuhi hiyohiyo, ni juisi ya mwanzi tu, sasa dhambi iko wapi? Nami huwajibu kwamba mgema anaujua ulanzi kuliko sisi, na anajua kwamba ulanzi haumsubiri mtu, kwani mtogwa wa asubuhi ukikaa kwenye mbeta unachachuka, na usipoangaliwa unakuwa mkangafu, ule mkali unaolevya. Anayetaka kushika amri hiyo kwa moyo asianze kupima saa.

Je, utaruhusiwa kuchuma chai? Neno la Hekima linahusu kile unachokiingiza mwilini. Halimkatazi mtu kulima wala kuchuma, na maswali ya ubatizo hayagusi kazi ya shambani. Kinachowashinda waumini wapya wa kwetu si shamba, ni kikombe cha ugenini. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyejiunga na kanisa hilo akiwa kazini mbali na huku, alirudi kijijini kupeleka posa. Mama wa binti akaleta chupa ya chai ya maziwa iliyopikwa tangu alfajiri, na kijana akasema kwa upole kwamba hanywi. Hakueleza zaidi. Mama yule hakusema neno, alikirudisha kikombe kwenye sinia kikiwa kimejaa, na jioni ikasemwa jikoni kwamba kijana ameogopa kurogwa. Ilichukua miezi kulirekebisha. Angetanguliza ujumbe kupitia mshenga kwamba anaomba maji ya moto au mchaichai, pasingekuwa na kesi. Wewe mwambie mama yako sasa, kabla ya ubatizo, tena mwambie mkiwa mmekaa wawili.

Zaka ni rahisi kuieleza na ngumu kuitoa. Ni sehemu ya kumi ya kipato. Mwenye kupata shilingi 300,000 kwa mwezi hutoa 30,000, na mkulima huhesabu kwa alichokipata alipouza. Hakuna bahasha zinazosomwa majina mbele ya watu, wala mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada kama tulivyozoea sisi, jambo ambalo wengine watalikosa kwa sababu lina raha yake. Kuna pia matoleo ya mfungo, ambapo Jumapili moja ya kila mwezi, kwa kawaida ya kwanza, muumini huacha milo miwili na kutoa thamani yake kwa ajili ya wenye shida. Ubatizo unataka ahadi ya kulipa zaka, na kuingia hekaluni kunataka uwe mlipaji kamili. Viongozi wa mahali pako hawalipwi mshahara, kwa hiyo usihofu kwamba kumi yako inamnenepesha mtu wa jirani. Lakini ujue pia kwamba makao makuu yaliyoko Salt Lake City yana akiba kubwa sana ya uwekezaji, kwamba hayajatoa hesabu kamili za matumizi kwa umma tangu mwaka 1959, na kwamba Februari 2023 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliwatoza kanisa na kampuni yake ya uwekezaji jumla ya dola milioni 5 kwa namna walivyotoa taarifa za uwekezaji huo. Kama unajiunga ukitarajia kwamba utajiri huo utakufikia kwa njia ya ada au mtaji, nakushauri uache leo. Wapo wanaosaidiwa, lakini msaada huo hupitia kwa kiongozi wa mahali, ni wa muda, na lengo lake ni mtu ajitegemee.

Utajiri huo ndio unaozaa maneno ya majirani zako. Kwetu jengo zuri, uzio na wageni wenye mashati meupe vikikutana mahali pamoja, neno Frimasoni haliko mbali. Kanisa hilo si tawi la Frimasoni wala haliendeshwi nao. Hata hivyo ukweli una mkia wake. Joseph Smith mwenyewe alijiunga na Frimasoni mjini Nauvoo, jimbo la Illinois, Machi 1842, na wiki chache baadaye, mwezi Mei, alianzisha ibada ya hekaluni iitwayo endaumenti, ambayo baadhi ya ishara na mtindo wake wa kufundisha kwa igizo vinafanana na vya Frimasoni. Wanahistoria wa kanisa hilo wenyewe hawaukani ufanano huo. Wanasema umbo linafanana lakini maana ni tofauti. Jirani akikuuliza, mjibu hivyohivyo, usikane kila kitu.

Na hekalu ndilo jambo ambalo ningependa ulielewe kuliko yote. Nyumba ya ibada ya Jumapili iko wazi kwa kila mtu, hata mama yako na kitenge chake cha Kimoravian atakaribishwa. Hekalu ni jengo jingine kabisa, na baada ya kuwekwa wakfu huingia humo waumini wenye kibali tu, kibali kinachotolewa baada ya mahojiano. Humo ndimo hufanyika endaumenti, ambayo muumini mpya huisubiri kwa kawaida mwaka mmoja tangu abatizwe, na ndimo mume na mke huunganishwa kwa milele, pamoja na watoto wao waliozaliwa kabla. Aliyepokea endaumenti huweka maagano ya kujitoa kwa Mungu na kwa kanisa, na tangu hapo huvaa nguo maalumu za ndani maisha yake yote, mchana na usiku. Maagano hayo hayasomwi kwako kwa kirefu kabla ya ubatizo, lakini ndiko njia inakoelekea, kwa hiyo uliza kwa jumla yanahusu nini. Si siri kwamba yanahusu utii, kujitoa sadaka, injili, usafi wa kimwili na kuyaweka wakfu maisha na mali. Wazazi wasio waumini hawaingii kushuhudia mtoto wao akiunganishwa. Kule Marekani jambo hili limewaliza akina mama wengi mlangoni. Kwako litapungua makali, maana tangu Mei 2019 wanandoa wanaweza kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya ukoo mzima, kisha wakaenda hekaluni bila kusubiri mwaka kwa sababu hiyo. Hekalu la Nairobi, lililotangazwa mwaka 2017, liliwekwa wakfu Mei 2025. Kabla ya hapo Mtanzania alilazimika kwenda mbali zaidi, hata Johannesburg. Bado kutoka Tukuyu ni safari ya siku kadhaa kwa basi, na hati ya kusafiria, na mtoto.

Wafu nao wana sehemu yao humo hekaluni. Waumini hubatizwa kwa niaba ya ndugu waliokufa, wakitumia 1 Wakorintho 15:29, na ndiyo sababu utaombwa kuandika ukoo wako, kazi ambayo wazee wa Kinyakyusa wataifurahia kuliko utakavyotegemea. Mtu wa kwetu akisikia haya hufikiri mara moja tambiko. Tofauti ipo, kwani mfu haombwi kitu wala hapewi chakula, na wao hufundisha kwamba huko aliko yuko huru kuukubali ubatizo ule au kuukataa.

Ubatizo wako wa Kimoravian hautahesabiwa. Lazima useme moyoni kwamba unalikubali hilo, kwa sababu maana yake ni kwamba kwao mamlaka ya kubatiza yalipotea duniani baada ya mitume na kurudishwa kupitia Joseph Smith, na hivyo wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, na bibi zetu wote waliowafuata, hawakuwa na mamlaka hayo. Upande wa pili nao umejibu, kwani mwaka 2001 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwa Wakatoliki, na chimbuko la tamko hilo ni mafundisho juu ya Mungu. Sisi tulifundishwa Utatu, Mungu mmoja katika nafsi tatu, kama mabaraza ya kale yalivyoungama kuanzia Nikea mwaka 325. Wao hufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu waliotengana kabisa, wenye umoja wa kusudi, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Hufundisha pia kwamba tuliishi kwa Mungu tukiwa roho kabla ya kuzaliwa, na kwamba mwanadamu mwaminifu anaweza kukwezwa afanane na Baba yake. Wanamwita Yesu Mwokozi na wanamaanisha, nami sipendi kusikia wakiitwa wapagani. Lakini usikubali kuambiwa kwamba ni Moravian pamoja na kitabu kimoja cha ziada. Vitabu vyenyewe ni vitatu zaidi ya Biblia, yaani Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Juu ya hivyo kuna nabii aliye hai ambaye neno lake lina uzito wa maandiko. Kwa sasa ni Dallin H. Oaks, aliyeshika nafasi hiyo Oktoba 2025 baada ya kifo cha Russell M. Nelson.

Historia, sasa. Wale vijana wawili walikusimulia jinsi Joseph, akiwa kijana wa miaka 14 katika jimbo la New York, alivyoingia msituni kusali mwaka 1820, jinsi alivyopewa na malaika mabamba ya dhahabu ambayo, kwa maelezo yake, alikitafsiri Kitabu cha Mormoni kutokana nayo, na jinsi kanisa lilivyoanzishwa tarehe 6 Aprili 1830. Hawakukuficha mengine kwa hila. Wengi wao ni wa miaka 19 au 20 na hawayajui vizuri. (Vijana hao, kwa Kiswahili cha kanisa lao, huitwa "Mzee" fulani, na nimewahi kumwona mzee wa kweli wa Kalenga akitabasamu kwa hilo.) Tangu mwaka 2013 kanisa lenyewe limetoa makala rasmi kuhusu mambo magumu, na ningependa uyajue kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa mtu anayetaka kukutisha.

Joseph Smith alikuwa na wake wengi, na kwa makadirio yaliyomo katika makala hizo walikuwa kati ya 30 na 40, baadhi yao wakiwa tayari wake za watu wengine, na mmoja akiwa bado hajatimiza miaka 15. Sehemu kubwa ya Kitabu cha Mormoni aliitamka akiwa ametazama jiwe aliloliweka ndani ya kofia, na picha za zamani zinazomwonyesha akisoma mabamba mezani hazionyeshi hilo. Kitabu cha Ibrahimu, kilichomo katika Lulu ya Thamani Kuu, alisema amekitafsiri kutoka katika mafunjo, yaani karatasi za kale za Misri. Vipande vya mafunjo hayo vilipofika tena mikononi mwa kanisa mwaka 1967, wataalamu wa maandishi ya Misri, wakiwemo waumini, walikuta ni maandiko ya kawaida ya mazishi yasiyomtaja Ibrahimu. Kanisa lina maelezo yake kwa kila moja kati ya haya, nawe una haki ya kuyasoma na kuyapima.

Jambo linalotuhusu sisi kwa ngozi zetu ni hili. Wakati wa Joseph Smith wanaume weusi wachache walipewa ukuhani, akiwemo Elijah Abel mwaka 1836. Lakini mwaka 1852 mrithi wake, Brigham Young, alitangaza kwamba watu wenye asili ya Afrika wasipewe ukuhani, na zuio hilo liliwafungia wanaume na wanawake weusi ibada kuu za hekaluni kwa zaidi ya karne. Viongozi walilitetea kwa hadithi za laana ya Kaini na za watu weusi kuwa hawakuwa hodari katika maisha ya kabla ya kuzaliwa. Zuio liliondolewa Juni 1978, chini ya Spencer W. Kimball, kwa kile kanisa linachokiita ufunuo, na mwaka 2013 kanisa lilizikana rasmi hadithi hizo zote. Hata hivyo halijasema waziwazi kwamba zuio lenyewe lilikuwa kosa. Mwaka 2009 Mkenya, Joseph W. Sitati, aliitwa kuwa mmoja wa viongozi wakuu wa ulimwengu mzima. Mimi nikifundisha somo hili huwaona wanafunzi wakigawanyika katikati, wengine wakisema kanisa lililotubu ni afadhali kuliko yale yasiyotubu, wengine wakiuliza kwa nini Mungu asubiri hadi 1978. Nawe ujiulize kabla hujaulizwa na mwanao.

Maisha ya Jumapili sitayarefusha. Mkutano ni wa saa mbili, kuna mkate na maji badala ya divai, nyimbo ni za taratibu, na wahubiri ni waumini wenyewe kwa zamu. Kwa mtu aliyezoea tarumbeta za Kimoravian na kwaya tatu kushindana, ukimya ule unaweza kuwa pumziko au unaweza kuwa baridi. Utapewa wito, pengine kufundisha watoto ndani ya wiki chache, maana kila mtu hufanya kazi bila malipo. Wanawake husali mbele za watu, huhubiri na huongoza Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, lakini hawawekewi mikono ya ukuhani. Kama umezoea kumwona mchungaji mwanamke wa KKKT, kanisa la Kilutheri, madhabahuni, tofauti hiyo utaiona haraka. Utasikia pia maneno kama tawi, kata na kigingi, yaani usharika mdogo, usharika mkubwa na kundi la sharika. Hiyo kata si ya diwani.

Kwako wewe uliye Tukuyu kuna swali linalotangulia mengine yote ya Jumapili: mkutano ulio karibu nawe uko wapi, nauli ni kiasi gani kwenda na kurudi, na kama huwezi kufika kila wiki, nani atakuwa anakutembelea? Mtu aliyebatizwa Dar es Salaam akiwa na marafiki thelathini kisha akarudi mlimani peke yake, bila chai na bila ibada, huchoka upesi. Utaratibu wao unakutaka uwe umehudhuria ibada kadhaa za sakramenti kabla ya kubatizwa. Mimi ningekuomba uhudhurie kwa miezi kadhaa, tena katika mkutano ule utakaokuwa wako, na siyo ule wa mjini uliokupendeza.

Mwambie hivyo kijana aliyekupangia tarehe. Wamisionari hupanga tarehe mapema, ndivyo walivyofundishwa, na kuiahirisha si dhambi wala si kumkosea heshima mtu yeyote. Ujue pia kwamba mlango wa kutoka upo. Muumini anayetaka kuondoka huandika barua kwa kiongozi wake akiomba jina lake liondolewe, nalo huondolewa, na akitaka kurudi atabatizwa upya. Kurudi kwa Wamoravian ni mazungumzo na mchungaji wako, nami ningekushauri uzungumze naye hata sasa, kabla ya kuondoka, badala ya kumwachia asikie sokoni.

Nimebakiza lile uliloliita dogo. Ndiyo, utamzika mama yako Kimoravian. Hakuna amri ya kanisa hilo inayomkataza muumini kuhudhuria ibada ya mazishi ya kanisa jingine, kuimba nyimbo za Moravian kaburini, kutupa udongo au kukaa matangani na ndugu zake, na hutatakiwa kumbatiza mama akiwa kitandani. Ubatizo kwa niaba yake ukiulizwa baadaye, ongea kwanza na ndugu zako, maana mama ni wa wote. Na kwa kuwa unajua siku tatu za msiba kwenu zinavyokwenda, masufuria ya chai yakichemka tangu saa kumi usiku na kila mwombolezaji akipewa kikombe mkononi bila kuulizwa, panda mchaichai nyuma ya jiko msimu huu wa mvua.